Pikipiki Iliyokwenda Kulia Ikionyesha Kushoto

"Asiyefunguliwa pa kutokea hupitia kwa jirani." Mmemsikia muuza chai akisema hivyo, mkatikisa vichwa kama wajumbe wa baraza, kisha mkanijia mimi kuuliza maana yake. Kaeni. Kwenye kijiwe cha bodaboda, ukifika miaka arobaini na meno yote yapo, wewe ni mzee. Msemo huo ulizaliwa hivi.

Luhende, dereva wa hapahapa, alipeleka posa kwa Mzee Ng'wandu, mkulima wa mpunga, akimtaka binti yake Nkwimba. Mzee hakusema ndiyo wala hapana. Alisema siku ya mnada atakuja na pikipiki yake, Luhende amtangulie, akaone nyumba ambayo binti yake angeishi. Jibu lingetoka baada ya hapo.

Mwenye akili angedeki nyumba. Luhende akaipaka pikipiki rangi mpya, akafunga amplifaya na spika mbili, ili mkwe asikie kwamba amepata mtu. Alivuta waya mwekundu kutoka kwenye betri, kisha akakusanya nyaya zote nyeusi za nyuma, wa amplifaya na za taa, akazikaza kwenye bolti moja ya chasisi. Muziki ukalia. Ndipo maajabu yalipoanza. Besi ikipiga, indiketa ya kushoto inawaka na kuzima kwa mapigo ya ngoma. Ya kulia ilikuwa imeungua balbu. Akishika breki, mwimbaji anakatika katikati ya neno, kama mpangaji aliyemwona mwenye nyumba.

Kijiwe kizima kiliinama kutazama, na kila aliyeinama aliinuka na jibu lake. Mmoja alisema betri imechoka; ikaazimwa nyingine, mambo yaleyale. Mwingine akasema flasha, kile kidude cha kuchezesha indiketa. Ikabadilishwa, indiketa ikaendelea na ngoma yake. Wa tatu alishauri iwekwe kwaya, huenda ikatulia. Indiketa ikaokoka, lakini haikuacha kucheza. Luhende akawa hajui tena waya upi ni wa pikipiki na upi ni wa kichwa chake.

Siku ya mnada ikafika. Luhende mbele na muziki wake, mkwe nyuma. Penye njia panda Luhende alikata kulia. Indiketa ilikuwa inawaka kushoto, na Mzee Ng'wandu, mtu anayeheshimu alama za barabarani, akakata kushoto. Luhende alipogeuka aliona kofia ngumu tu, juu ya mpunga.

"Ulionyesha kushoto," mzee alisema, tope likiwa magotini.

"Ni muziki, baba. Mimi nilikuwa nakwenda kulia."

"Kwa hiyo dereva ni nani, wewe au mwimbaji?"

"Betri tumebadilisha, flasha tumebadilisha. Sielewi kabisa, baba."

Mzee alilitazama lile dude. "Umeme unaingilia wapi humu?"

"Kwa waya huu mwekundu."

"Na unatokea wapi?"

"Unatokea?"

"Mwanangu, nikiingiza maji kwenye jaruba nisifungue pa kutokea, hayakai kunisubiri. Yanabomoa tuta, yanapitia kwa jirani, na asubuhi jirani yuko mlangoni na jembe. Huu wako unarudije kwenye betri?"

"Kwa hii bolti ya…" Luhende akainama kuitazama. Umeme hurudi kwenye betri kupitia chuma cha chasisi, lakini bolti ilikaa juu ya rangi mpya, na rangi haipitishi umeme. Umeme ulikosa njia ya kurudi, ukawa unapenya kwenye indiketa. Akaifungua, akakwangua rangi mpaka chuma kikang'aa, akakaza tena. Besi ikapiga, indiketa kimya. Akashika breki, mwimbaji akamaliza neno lake.

Mzee hakumpongeza. Alikuwa akikamua suruali, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyepotea uani kwake mwenyewe.

"Ulipoleta posa, nilikataza jina lako lisitajwe nyumbani, hata na Nkwimba," alisema. "Tangu hapo nalisikia kisimani, kwenye mashine ya kusaga, hata kwa kinyozi. Nikasema majirani wana umbea."

Akakamua mguu wa pili.

"Tangulia. Tukitoka kwako tunapita kwangu. Nkwimba aniambie mwenyewe anachotaka."

Nkwimba alisema. Alisema mpaka ugali ukapoa, na baba yake hakumkatiza hata mara moja. Alipomaliza, mzee alinawa mikono akamwambia Luhende alete wazee wake. Majirani walipokuja kuuliza kulikoni, ndipo alipowajibu kwa maneno ambayo leo hata muuza chai anayo: asiyefunguliwa pa kutokea hupitia kwa jirani.