Vigae vya Namkunda

"Aombaye nguvu hupewa vigae." Vijana waliokuwa matangani walilisikia neno hilo kwa bibi yao, wakamwuliza limetoka wapi. Akawaambia lilianza hivi.

Zamani, katika milima ya Upare, mfinyanzi mmoja aitwaye Namkunda alifiwa na mumewe, akabaki na watoto watatu. Tangu siku ya maziko hakutaka kuona kitu kilichovunjika. Alizoa vigae vyote nyuma ya nyumba akavitupa korongoni, hata vya kikombe cha udongo chenye mstari mwekundu alichonywea marehemu.

Akafinyanga vyungu sita, akavichoma. Vikapasuka vyote. Akafinyanga vingine, navyo vikapasuka.

Majirani wakawa wanapita. "Mungu atakupa nguvu, mama." Mwanzoni alishukuru. Baadaye alichoka.

"Nimeshamwomba," alisema. "Mkikutana naye huko mwendako, mwulizeni amekwama wapi."

Shemeji yake naye akaja. "Nakupa uchomaji mmoja zaidi, shemeji. Vikipasuka, watoto tutawagawa kwa shangazi zao. Hawatashiba moshi."

Alipoondoka, Namkunda alipiga magoti kwenye majivu. "Ee Mungu, kila siku nakuomba nguvu, na kila siku unaniletea vigae. Wewe huchoki?"

Nyuma yake alisimama mavyaa wake, Nakijwa, mama wa marehemu na mfinyanzi aliyemfundisha kazi.

"Udongo wako unauchanganya na nini?"

"Na maji, mama."

"Maji tu? Miaka yote ile nilipokufundisha kutwanga vigae, nilikuwa nafundisha kuku?"

"Sitaki kushika kilichovunjika."

"Basi mwache Mungu apumzike. Udongo mtupu hauwezi moto. Unga wa vigae umeshaungua, ndio unaoushikilia udongo mbichi usipasuke. Umeomba nguvu, amekuletea mara mbili, nawe unatupa na kumnunia."

Namkunda alinuna kweli. Alinuna mpaka jua lilipopanda, kisha akachukua kikapu akashuka korongoni. Vigae vya kikombe cha mumewe alivitambua kwa ule mstari mwekundu. Alivishika kwa muda mrefu. Halafu akavitia kinuni pamoja na vingine, akatwanga huku analia, na kwa kila pigo akasema, "Nipe mikono, Mungu wangu. Vigae nimevipokea."

Akauchanganya ule unga na udongo, akafinyanga vyungu sita vingine. Siku ya kuchoma, shemeji alifika mapema kuchukua watoto. Akakuta vyungu vinatolewa majivuni. Nakijwa alikigonga cha kwanza kwa kidole, kikalia kama kengele. Cha pili kikalia. Vyote sita vikalia.

Shemeji akajikuna shingo. "Sasa mimi nimekuja bure?"

"Hukuja bure," Namkunda alisema, akamtwisha chungu kikubwa kuliko vyote. "Tangulia sokoni. Watoto wanakunywa uji, wasisumbuliwe."

Kwa hiyo, bibi akawaambia wale vijana, msiwanunie wanaowapa pole, wala msimnunie Mungu. Ingieni korongoni mkaokote. Aombaye nguvu hupewa vigae.