Mkono Alioukalia Saumu

Sogeeni karibu, na mwenye njugu mfukoni azimalize sasa, maana nikifika kwenye swali sitaki mtu anijibu mdomo umejaa.

Palikuwa na mafundi watatu kule Muheza, wote wa kazi moja, tiba kwa vitendo. Msiwachanganye na wa sindano. Hawa humtazama mtoto anavyovaa, anavyokula, anavyocheza, wajue ni nini kinamzuia kujifanyia mwenyewe. Bwana Shemdoe alikuwa wa hospitalini, na kipaji chake kilikuwa vidole: akikubinya kiganja, anajua msuli upi uko kazini na upi umelala. Stumai alizungukia shule, na kipaji chake kilikuwa macho. Uwanja mzima upige kelele, yeye anamwona mtoto mmoja tu. Mbwana alipita majumbani, na kipaji chake kilikuwa makalio. Mnacheka nini? Alijua kukaa! Alikaa kwenye mkeka wa watu mpaka wenyewe wanasahau kuwa wana mgeni, wanaanza kusemana.

Sasa, palikuwa na mama mmoja, Mwantumu, na bintiye Saumu wa miaka saba, aliyezaliwa mkono wa kulia umepooza. Saumu alilishwa. Tonge hata moja hakulipeleka mdomoni mwenyewe.

Mwalimu mkuu akamwita Mwantumu. "Mama Saumu, hapa hatuna mtu wa kulisha. Muhula ukiisha bado yuko hivi, itabidi aende bweni la mbali, wanakolea watoto wa namna yake."

"Haya," alisema Mwantumu, akarudi nyumbani kupika.

Msidhani hakumpenda mwanawe. Miaka yote ile ya kuambiwa mambo ilikuwa imemtia ganzi moyoni. Alikuwa akijibinya ndani asikie kama pana maumivu. Hakuna aliyeitika.

Akampeleka hospitalini. Bwana Shemdoe akabinya mkono wa kulia, akabinya wa kushoto. "Mama, tusidanganyane. Wa kulia hautashika tonge. Lakini huu wa kushoto! Huu una nguvu ya kumkama ng'ombe mpaka akubali mwenyewe." Akaweka kijiko upande wa kushoto. Saumu akakitazama kama mtu anayetazama kijiko cha jirani. "Kuweza anaweza," alisema Shemdoe. "Kwa nini hali, hapo ndipo sijui."

"Haya," alisema Mwantumu.

Shuleni, Stumai alikaa pembeni wasichana wakicheza rede. Saumu alirusha mpira kwa mkono wa kushoto, ukampata mwenzake mgongoni, na huyo mwenzake akapiga ukelele wa kufiwa. Kisha kengele ya uji ikalia. Wenzake wakakimbilia vikombe. Saumu akaketi, akauweka mkono ule ule chini ya paja, akaukalia, akautazama uji mpaka ukapoa. Jioni Stumai akamwambia Mwantumu, "Kwenye mchezo mkono upo. Chakula kikija, anaukalia. Kwa nini, sijui."

"Haya."

Nyumbani, Mbwana alikaa. Bi Mashavu, mama mkwe wa Mwantumu, mwanzoni alimkaribisha kwa kahawa, baadaye kwa maji, mwisho hakumkaribisha kabisa, na hapo Mbwana akajua kazi imeanza. Sinia la wali likatua. Mkono wa kushoto wa Saumu ukatikisika kidogo tu.

"Mkono huo!" alisema Bi Mashavu, bila hata kukatiza umbea aliokuwa akiusimulia. Saumu akaukalia.

"Mkono gani, bibi?" aliuliza Mbwana.

Bi Mashavu akaruka. "Astaghfirullah, kumbe upo! Huo wa chooni, baba. Mtoto wa watu wenye adabu hali kwa mkono wa chooni. Atulie, wa kulia utapona."

Mwantumu alisikia. Akakumbuka kuwa na yeye amekuwa akimwambia mwanawe maneno yale yale tangu anatambaa. Akangoja yamchome. Hayakumchoma.

Mafundi wakakutana kwenye mkeka ule, kila mmoja akatoa alichokiona, na vipande vikashikana: wa kulia hautapona, wa kushoto ni mzima, na anayeuzuia ni adabu.

"Kwa hiyo mnataka nimfunze mjukuu wangu uchafu?" aliuliza Bi Mashavu.

Wote watatu walikuwa wamesomea kazi, hakuna aliyesomea mkwe.

Mwantumu akanawa mkono wa kushoto kwa sabuni, akautia kwenye wali mbele ya mkwewe, akala. Hakusikia ujasiri, hakusikia woga. Alisikia wali umepungua chumvi. Saumu akamtazama mama, akamtazama bibi, akauchomoa mkono chini ya paja. "Na mimi ninawe," akasema.

Alikula mpaka sinia likaonyesha maua yake.

Muhula ukaisha, Saumu akabaki shuleni kwake. Bi Mashavu, aliyenuna wiki nzima, akatoa jogoo achinjwe, mafundi wakaalikwa. Mnajua firigisi huwekewa nani: mgeni wa heshima kuliko wote. Na jogoo, hata awe na kiburi namna gani, ana firigisi moja.

"Haikatwi hapa kwangu," alisema Bi Mashavu. "Mwantumu, mtoto ni wako. Mpe mwenye haki yake."

"Mimi sina tamaa," alisema Shemdoe, "ila bila mimi mngekuwa bado mnangoja wa kulia."

"Bila mimi msingejua kuwa wa kushoto unakaliwa chakula kikija tu," alisema Stumai.

"Bila mimi," alisema Mbwana, "mngemjua vipi mwenye kukataza?"

"Ehee!" alidakia Bi Mashavu. "Na nisingekataza, mngegundua nini nyie?"

"Lakini mama ndiye aliyekula kwanza," alisema Saumu, mdomo umejaa.

Mwantumu ameshika upawa, firigisi imo ndani. Wote wanamtazama. Anajitafuta moyoni, amwone anayempenda zaidi, na kule ndani bado hakujaitika mtu. Haya, nyie mliomaliza njugu, mchuzi unapoa na mama hana jibu. Firigisi ni moja. Wewe ungempa nani?