Busu la Mzee Rutilio

"Mkono usioweza kuukata, ubusu." Mmecheka mliposikia, mkadhani ni methali ya wanaojipendekeza kwa wakubwa. Mimi sicheki. Kila mzee ana yake kuhusu ilikotoka. Nilivyosimuliwa mimi, ilianza hivi.

Hapo kale Roma ilikuwa na kaisari dhalimu, aliyewaogopa maseneta wa baraza lake. Na mwoga mwenye upanga ni balaa. Seneta akinyamaza, anapanga njama, akisema, anatukana. Aliyeuawa, mali yake ilikuwa ya Kaisari, na maiti yake ilitupwa ngazini karibu na gereza, ikingoja kuburutwa mtoni. Kumlilia ilikuwa hatia.

Akauawa Marselo, seneta kijana, kwa kosa la kuuliza barazani mwenzake mmoja alipelekwa wapi. Baba yake, mzee Rutilio, alikuwa seneta pia. Mama yake, Fausta, alikuwa na neno moja tu kwa mumewe: "Niletee mwanangu nimzike. Asiliwe na samaki."

Asubuhi Rutilio akaoga, akavaa joho jeupe kama mtu asiye na msiba, akaenda na maseneta wenzake kumwamkia Kaisari. Baadhi yao walitamani amtemee mate Kaisari. Ushujaa wa mwenzio hauna gharama.

Kaisari akanyoosha mkono. Kidoleni alivaa pete ya Marselo, ile ambayo Rutilio mwenyewe alimvisha mwanawe alipoingia barazani.

Mzee akapiga magoti, akaibusu, akakawia kuinua uso.

Kaisari akafurahi. "Kumbe bado wanipenda, mzee! Omba utakalo."

"Naomba maiti ya mwanangu, Bwana wangu."

"Kamchukue."

Nyumbani Fausta alimwosha mwanawe. Alipomaliza akamgeukia mumewe. "Nimeambiwa. Umeubusu mkono uliomuua?"

"Ningeweza kuukata, mke wangu, ningeukata. Sikuweza, nikaubusu." Akakishika kidole kitupu cha mwanawe. "Ulikuwa na pete yake, Fausta. Nilikuwa namuaga."

Wakafunga milango, wakalia wamejiziba vinywa kwa nguo, majirani wasije wakawasikia.

Basi, wanangu, mkimwona mtu kainama mbele ya dhalimu, msiwe wepesi wa kumcheka. Hamjui ameinama kwa ajili ya nani. Mkono usioweza kuukata, ubusu.