Kamba ya Kupandishia Mawe

Kulikuwa na bwana mmoja kwenye machimbo ya dhahabu, kazi yake kuzungusha winchi juu ya duara, lile shimo refu wanaloshukia. Viroba vya mawe anavuta yeye, watu anavuta yeye. Mikono minene kama mchi, na mdomo hauko nyuma.

Sasa kamba yake ilichakaa. Ikatoka nyuzi kama ndevu za mahindi, akakata palipolika, akapiga fundo, kazi ikaendelea. Mchimbaji mmoja akamwambia, "Mzee, hii kamba itatuua."

"Jana imepandisha viroba arobaini. Wewe na mbavu hizo una uzito gani?"

"Kiroba kikianguka hakiachi mjane."

"Basi kakae na mkeo mchambue maharage! Mwanaume anamwamini Mungu, anashuka."

Mnamsikia? Fundo kafunga yeye, Mungu ndiye aliangalie.

Wakashuka, maana nyumbani watoto wanataka kula.

Siku moja waliokuwa chini wakaita: wamefikia mwamba unaong'aa, aje auone kabla hawajaupasua, kwa kuwa naye ana fungu lake. Alifurahi huyo! Akamwachia mwenzake winchi, akajifunga kamba kiunoni, akachungulia shimo. Giza. Akalitazama lile fundo. Akalitazama tena. Kisha akajifungua taratibu, akaingia bandani kwake, akatoka na kamba mpya ya manjano, haijatolewa hata kwenye nailoni.

Mwenzake akaduwaa. "Kumbe ilikuwepo?"

"Nilikuwa naitunza."

"Unamtunzia nani?"

Ule mdomo wote sasa unang'ata nailoni, aifungue.

Haya, mmecheka vya kutosha. Tuje kwetu. Binti wa jirani akija na jicho limevimba, sisi akina mama wa kanisa tunamwambiaje? "Vumilia, mwanangu. Mwombee mumeo." Na wako wa kumzaa akipiga simu analia, unamwambia hivyo hivyo? Thubutu! Unapanda bodaboda siku hiyo hiyo, unamrudisha nyumbani na sufuria zake. Kumbe njia nyingine tunaijua. Tunaificha tu, mpaka yamfike wa kwetu.

Yuko binti mmoja mtaani hapa, simtaji, mnamjua. Wiki hii amekuja kwetu mara mbili, na mara mbili tumemwombea tukamrudisha kulekule.

Leo hatuombi kwanza. Nani ana chumba? Nyoosha mkono, nikuone.