Mtalii wa Miaka Tisa

Bwana Torsten alikuwa mtalii kwa mwaka wa tisa sasa. Kila baada ya miezi mitatu alivuka mpaka, akanywa soda upande wa pili, akarudi na muhuri mpya wa matembezi. Kijijini alikuwa na nyumba ya wageni, na watu aliwafokea kama watwana wake.

Siku moja alimvamia jirani yake, Bi Zuwena, muoka mikate ya mofa.

"Bomoa hilo tanuri! Moshi wake unanifukuzia wageni."

"Na wewe ni nani hapa, baba?"

"Mimi ni mwenyeji! Nina biashara, nimeajiri watu saba!"

Bi Zuwena akainamisha kichwa. "Basi mwandikie mwenyekiti wa kijiji. Hapa bila barua husikilizwi. Taja miaka uliyokaa hapa, biashara yako na watu wako, kisha utie sahihi. Nitaipeleka mimi, bwana mkubwa kama wewe hapangi foleni."

Torsten akajaza kurasa mbili, kifua mbele.

Wiki iliyofuata alikuwa mpakani, akirudi kama kawaida yake.

"Unaingia kufanya nini?" aliuliza afisa wa uhamiaji.

"Matembezi tu."

Afisa akavuta mtoto wa meza, akatoa kurasa mbili.

"Sahihi hii ni yako? Mama mmoja ametuletea, pamoja na mikate ya moto."

Torsten akaitazama sahihi yake.

"Miaka tisa unatembea tu!" afisa alisema, akimrudishia pasi bila muhuri. "Nenda kwenu, mzee, ukapumzishe miguu."