Ungo wa Mzee Kiswaga

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kama wagonjwa? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nimepata watu.

Hapo zamani za kale, babu zenu hawajaota hata meno, palikuwa na mzee akiitwa Kiswaga. Alikuwa na shamba kubwa la mtama na vibarua wa kuuvuna, kuupura na kuupepeta. Tusimsingizie, mkono wake ulikuwa wazi. Vibarua walikula wakashiba, walikunywa togwa, jioni wakaondoka na vikapu vimejaa. Lakini hawakai! Leo anaingia huyu, kesho anatoka yule.

Mwaka huo mawingu yakawahi. Mtama ungali uwanjani. Ukilowa utaota, na ukiota, nyumba nzima ya Kiswaga italala njaa. Akaingiwa na hofu. Akawauliza vibarua waliobaki kama wameridhika na kazi. Wote wakasema wameridhika, tena sana. Kesho yake wakapungua.

Kiswaga akamkimbilia Bibi Siwema, ajuza mwenye akili nyingi na utundu kuzidi akili. Akamlalamikia kwamba ameongeza togwa, ameongeza nyama, hajui watu hawa wanataka nini.

Bibi akaenda, akajiketisha kando ya uwanja na ugoro wake. Akatazama.

Shaa! Shaa! Tabu, kibarua wa siku nyingi, anapepeta. Mtama unang'aa. Kiswaga huyoo! Akaupokea ungo. Akamwambia lete nikuonyeshe. Shaa! Shaa! Akaupepeta mtama uleule, uliokwisha kutakata.

Pu! Pu! Pu! Wengine wanapura. Kiswaga huyoo! Akaichukua fimbo. Lete nikuonyeshe. Pu! Pu! Akayapiga masuke yasiyo na punje.

Bibi Siwema akapiga chafya, akainuka.

"Kiswaga mwanangu, nipepetee mtama kidogo wa uji."

Kiswaga akafurahi. Kupepeta alikuweza kwelikweli. Shaa! Shaa! Hata kapi moja halikubaki.

"Lete, mwanangu, nikuonyeshe," akasema bibi.

Akaupokea ungo, akapepeta. Shaa! Shaa! Akamrudishia arudie. Kiswaga akarudia, kijasho kinamtoka.

"Lete, mwanangu, nikuonyeshe."

Vibarua wakaacha kazi, wakaziba midomo. Kiswaga akarudia tena, mashavu yamemvimba. Bibi akanyoosha mkono taratibu.

"Lete, mwanangu..."

Kiswaga akaubwaga ungo chini. "Basi pepeta mwenyewe!"

Tabu akainama, akauokota ungo.

"Maneno hayo, mzee, ndiyo kila mmoja wetu huondoka nayo moyoni."

Kiswaga aliona haya, jamani, akatamani ardhi immeze. Akatazama mawingu. Akatazama mtama. Kisha akamwomba Tabu aendelee anavyojua mwenyewe, naye akaifunga mikono yake nyuma kwa kitambaa, maana ilikuwa ikimwasha. Waliosikia habari wakarudi, wengine wakitaka tu kuiona hiyo mikono iliyofungwa. Shaa! Shaa! Pu! Pu! Nyimbo zikapanda. Kapu la mwisho likaingia ghalani, na mvua ikashuka nyuma yake.

Basi, wanangu, mtu hushiba kwa chakula, lakini huipenda kazi akiachiwa aifanye iwe yake.

Hadithi yangu imeishia hapo, na asiinuke mtu kunionyesha nilivyopaswa kuisimulia.