Mwiko Uliotundikwa Ukutani

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Pakawa nini?"

"Pakawa kinu cha miwa, na karai juu ya moto!"

"Na nani kasimama karibu na moto?"

"Tuambie wewe, bibi, masikio tunayo!"

Basi sogeeni. Nawe unayesinzia, mwegemee mwenzako, lakini usimkoromee.

Hapo kale, miwa ilipokuwa mirefu kuliko mapaa, palikuwa na mtu wa Bondeni akiitwa Mwinyimvua. Alikuwa na kinu cha kukamulia miwa na makarai makubwa ya kuchemshia sukari guru. Waliomkorogea walikuwa watu wa Mlimani. Kila mkorogaji alikuwa na mwiko wake, mrefu kama kasia, na mwiko ule ndio kazi yenyewe. Una mwiko, unakula. Huna mwiko, unasimama nje ya ua na wenzako, mnachungulia, mnangoja mmoja aanguke.

Mkorogaji mmoja aliitwa Mwasiti. Kwake alikuwa na watoto wawili wadogo na mama asiyeinuka kitandani. Vinywa vyote hivyo vilitazama mwiko ule mmoja.

Sasa Mwinyimvua alikuwa na sheria. Baragumu la alfajiri likilia, yeye yuko langoni, kakalia kigoda chake. Husema, "Mgonjwa aje mwenyewe, aombe ruhusa kwa mdomo wake. Asiyekuja ni mtoro, na mwiko wake nampa mwingine."

Mtasema, mbona sheria nzuri? Ngojeni.

Akaja Mzee Kibwana, kifua kimembana, anakohoa hadi anainama.

"Bwana, naumwa."

Mwinyimvua akamtazama miguuni. "Umekujaje?"

"Kwa miguu, bwana."

"Basi miguu iliyokuleta langoni ikufikishe kwenye karai."

Mzee akaingia. Akakohoa, akakoroga. Akakoroga, akakohoa.

Akaumwa Chausiku, mguu ukavimba kama mtungi. Hakuweza kutembea, akamtuma dada yake.

"Mdomo huu si wa Chausiku," akasema Mwinyimvua. Mwiko ukarushwa nje ya ua, ukadakwa kabla haujagusa chini.

Mnaona, wanangu? Ukija, wewe mzima. Usipokuja, wewe mtoro. Mgonjwa katika sheria ile hakuwa na pa kukaa.

Mara ya tatu, homa ikabisha hodi kwa Mwasiti.

Aliamka viungo vinamwuma kama aliyetwangwa. Akajifunga kanga, fundo likamshinda. Mama yake kule kitandani akasikia meno yanavyogongana.

"Mwasiti mwanangu, mficha maradhi kifo humuumbua. Lala."

"Nikilala, mama, mwiko je?"

Mama akanyoosha mkono amshike kanga. Hakumfikia. Na baragumu likalia.

Mwasiti akaenda. Njiani alishika miti. Langoni hata hakuomba ruhusa, maana jibu alilijua. Akapita amejikaza, asionekane anatetemeka, akashika mwiko wake. Chini yake sukari inachemka, bwata, bwata, bwata. Sukari ile ikikurukia haitoki peke yake, hutoka na ngozi. Karai likawa moja, yakawa mawili, yakaanza kumzunguka. Akasikia watu wa nje ya ua wamenyamaza. Wamemwona. Wanangoja.

Akayumba.

Mkono ukamdaka kanga kwa nyuma. Alikuwa Somoye, mkorogaji wa karai la pili, mwanamke mwenye mdomo mrefu kuliko mwiko wake.

"Shoga, unataka kuwa sukari? Niegemee. Koroga kwa macho tu, mikono nitakupa yangu."

Siku ile akanusurika hivyo. Lakini homa ile ilikuwa ya kurudirudi, na kila jioni Mwasiti alijiuliza: itarudi lini? Na Somoye asipokuwa karibu?

Basi mbu wa mtaro wa kinu hawaulizi nani bwana. Wakamng'ata Mwinyimvua naye. Asubuhi baragumu likalia, kigoda kitupu.

"Bwana anaumwa, kalala," watu wakanong'ona.

Somoye akaweka mwiko chini. Akacheka. "Kalala? Bila kuja langoni kuomba?"

Sasa nisikilizeni vizuri. Watu wa Mlimani na watu wa Bondeni ni watani tangu enzi za mababu. Mtani wako akiugua, unakwenda kumjulia hali na kumkejeli, uji mkononi, maneno mdomoni. Mlango haufungwi. Na anayemkasirikia mtani wake, siku ya kufa hana wa kumzika. Mwinyimvua alikuwa amesahau jambo moja. Langoni alikuwa bwana. Kitandani alikuwa mtani.

"Utatuponza," Mwasiti akamwambia Somoye. "Akipona, miiko yetu yote itaruka ua."

"Twende, nawe utashika mguu wa kitanda chake, mwoga wee!"

Wakaingia chumbani kwa bwana na wakorogaji wenzao. "Hodi, mtani! Tumesikia maiti inapumua!"

"Niacheni," akasema Mwinyimvua. "Naumwa."

"Unaumwa, au mtoro? Langoni hatukukuona!"

Wakamnyanyua na kitanda chake, hao, wanaimba, hadi langoni. Jamaa zake wa Bondeni wanacheka, wanapiga makofi. Somoye akakalia kigoda.

"Umekujaje, mtani?"

"Si mmenibeba!"

"Kitanda hiki kina miguu mingapi?"

"Minne."

"Sisi tulikuja na miwili tukaambiwa wazima. Wewe wa minne si mzima zaidi? Ingia kazini!"

Wakamsimamisha kwenye karai, wakampa mwiko wa Mwasiti. Sukari, bwata, bwata, bwata. Mwinyimvua akakoroga mara moja, watu wakacheka. Akakoroga tena, wakacheka. Mara ya tatu Mwasiti hakucheka. Aliyaona macho yale. Aliyajua. Karai lilikuwa linamzunguka bwana.

Akamrukia, akamvuta kanzu, wakaanguka wote wawili kwenye makapi ya miwa. Kicheko kikakatika.

"Naumwa," akasema Mwinyimvua, polepole.

"Wa nje ya ua hawajasikia," akasema Somoye.

"Naumwa, jamani! Nataka kulala!"

"Nani kakukataza? Lala, mtani. Kinu chako hatumpi mtu."

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwinyimvua akamtazama Mwasiti. Akautazama mwiko. Akasema mbele ya watu wake na wa Mlimani, "Na miiko yenu sitampa mtu. Mgonjwa alale kwake, alete habari kwa mdomo wa yeyote. Mwiko wake utundikwe umngoje. Na Chausiku arudishiwe wake."

Vigingi vikapigwa ukutani siku ileile.

Lakini hofu, wanangu, haitoki siku moja. Homa iliporudi, Mwasiti alilala macho wazi, anasikiliza baragumu, moyo juu. Maneno ya bwana ni maneno tu, akawaza. Jua likapanda. Kisha akasikia sauti dirishani:

"Shoga! Nimeuona kwa macho yangu. Uko kwenye kigingi, unaning'inia, unakusalimu."

Ndipo Mwasiti akafumba macho.

Nami hadithi yangu naitundika hapohapo. Ikiwa tamu, ilambeni wote. Ikiwa imeungua, niachieni mimi, nitasugua karai.